Mchango wa sikukuu usimvunjie mwenzenu heshima

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni muuguzi katika hospitali moja wilayani Kasulu, mkoani Kigoma. Mwaka jana kabla ya Krismasi tulichangishana kuwasaidia wenzetu watatu wenye hali ngumu: mama mmoja wa usafi, mlinzi, na kijana anayejitolea maabara. Tuliwakabidhi mchele, mafuta na bahasha kwenye kikao cha asubuhi, tukapiga picha, zikaenda kwenye grupu la WhatsApp la hospitali. Yule mama alipokea na kushukuru, lakini tangu siku ile anatupita kama hatujui. Mwaka huu watu wanataka turudie na mimi nimechaguliwa kusimamia. Wapo wanaotaka kila mtu akatwe elfu kumi kwenye mshahara. Wapo wanaosema wengine wanajifanya tu maskini. Na wenzetu Waislamu wanauliza kwa nini iwe Krismasi peke yake. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umeuliza maswali manne, lakini lililokufanya uandike ni la yule mama, kwa hiyo naanza naye.

Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii hospitalini, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni msamaha wa matibabu. Mgonjwa anakaa mbele yako, unamuuliza ana watoto wangapi, analima nini, nani anamsaidia, unajaza fomu, anatibiwa. Kisha anarudi kwao Makere au Heru Juu, na pengine hamtaonana tena. Aibu aliyoipata mezani kwako anaiacha pale pale. Mfanyakazi mwenzenu hana pa kuiacha. Kesho saa moja asubuhi anapiga deki korido ile ile, na wale wale waliompigia makofi wanampita wakiwa na viatu vya matope. Akishona kitenge kipya, anajiuliza watasema nini. Akikosea kazi na kukemewa, anasikia ule mchele ndani ya sauti ya anayemkemea, hata kama msemaji hakuukumbuka kabisa. Masimango hayahitaji mtu wa kuyatamka. Picha na makofi vinatosha.

Kwa hiyo fanya hivi kabla hujafungua daftari la michango. Mwombe msimamizi wa grupu azifute zile picha, na waliozihifadhi kwenye simu zao waombwe wazifute pia. Halafu wewe mwenyewe, bila ujumbe wa watu watano, mfuate yule mama wakati ambao hana haraka. Mwambie kwa sentensi mbili kwamba mlimweka mbele ya watu bila kumuuliza na kwamba mnaomba radhi. Usiende na kitu mkononi. Usimuulize kama mwaka huu angependa kusaidiwa. Utaratibu nitakaoueleza hapa chini utamfikia pamoja na wenzake bila jina lake kutajwa popote.

Nakuomba jambo moja ulisimamie hata kama mengine yote yatashindikana: anayepokea asijulikane na mtu yeyote zaidi ya wale wasioweza kuepuka kumjua. Najua watakujibu kwamba mficha uchi hazai. Methali hiyo inamhimiza mwenye shida aseme shida yake, na ni kweli, lazima awepo wa kuambiwa. Ila haijasema aambiwe kikao kizima.

Hospitalini jambo hili lina uzito ambao ofisi nyingine hazina. Ninyi mnatibiana. Mwenzenu akiugua anaandikishwa mapokezi pale pale, faili lake linapita masjala, vipimo vyake vinasomwa na jirani yake wa meza, na sasa taarifa nyingi ziko kwenye kompyuta ambazo watu wengi wana ruhusa ya kuzifungua. Mtu wa wodi ya wazazi anajua nani mimba yake imeharibika. Mtu wa CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU, anajua nani anachukua dawa. Ikifika Desemba, mtu mwenye moyo mzuri kabisa anasema kwenye kamati: "Tumkumbuke fulani, hali yake mimi naijua." Anaijuaje? Kama ameijua kwa sababu alimhudumia, hana haki ya kuileta mezani, hata kwa kidokezo, hata kwa nia ya kumsaidia. Siri ya mgonjwa haipungui kwa sababu mgonjwa anavaa sare kama yako. Tangu mwaka 2022 nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na taarifa za afya ni miongoni mwa zile inazozilinda kwa uzito wa pekee. Hata isingekuwepo, kiapo chako cha uuguzi kinatosha.

Weka basi kanuni, na uisome siku ya kwanza ya kamati: jina linaletwa na mwenye shida mwenyewe, au na mtu ambaye mwenye shida amemruhusu kulisema. Anayesema "nilimwona kliniki" anyamazishwe kwa upole, na jina hilo lisijadiliwe kwa njia hiyo. Kama unajua jambo kwa sababu ya kazi yako na linakuuma, nenda kwa mhusika faraghani umwambie kwamba kuna mfuko na namna ya kuufikia. Mwache aamue.

Sasa kuna hatua ambayo wachangaji wengi huiruka, nami naiona kubwa kuliko mchele. Kabla hamjamchangia mlinzi au mama wa usafi, ulizeni kama analipwa anachostahili. Hospitali nyingi siku hizi wafanyakazi hao wako chini ya kampuni zenye mkataba na hospitali. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mfanyakazi anayefanya kazi siku ya sikukuu ya kitaifa alipwe mara mbili ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa aliyofanya kazi siku hiyo. Krismasi imo, Boxing Day imo, Mwaka Mpya umo, Idd imo. Mlinzi aliyekesha getini usiku wa tarehe 25 ana pesa yake ndani ya sheria, na kwa saa za usiku ana nyongeza ya angalau asilimia 5. Sheria hiyo hiyo inampa mgonjwa mwenye cheti cha daktari likizo ya siku 126 katika kipindi cha miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Mama aliyejifungua ana siku 84, na 100 kama ni mapacha. Aliyechomwa na sindano au kuteguka mgongo akimbeba mgonjwa anapaswa kushughulikiwa kupitia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, wala mwajiri wake asiuachie mchango wenu jukumu hilo.

Ninasisitiza hili kwa sababu nimeona bahasha ya sikukuu ikigeuka kuwa pazia. Watu wanachanga, mlinzi anashukuru, na kampuni inayomchelewesha mshahara miezi miwili haiulizwi na mtu. Katibu wa afya wa hospitali ndiye mnayeweza kumfuata, kwa kuwa masuala ya utumishi yako mezani kwake na mkataba wa kampuni haumpiti kando. Mwombeni aiulize kampuni, kwa maandishi, mwanzoni mwa Desemba, kama mishahara imelipwa na kama saa za sikukuu zitalipwa. Barua moja ya namna hiyo inaweza kuwafikia watu wengi kuliko magunia yenu. Kampuni ikikaidi, mfanyakazi ana Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na kumsindikiza huko nako ni kumsaidia.

Hilo la kukata elfu kumi kwenye mshahara likataeni moja kwa moja. Sheria hiyo hiyo haimruhusu mwajiri kukata mshahara kwa kujisikia. Lazima kuwe na sheria, makubaliano ya pamoja, amri ya mahakama au uamuzi wa usuluhishi, au deni ambalo mfanyakazi amelikubali kwa maandishi. Mchango wa sikukuu si deni. Tena fikiria nani anakatwa. Kanuni inataka mtumishi abakiwe walau na theluthi moja ya mshahara wake wa msingi baada ya makato ya mikopo, na mnao wenzenu waliokwisha kufika hapo. Mkikata elfu kumi kwa kila mtu, mtamchangisha mtu ambaye alipaswa kuwa kwenye orodha ya kusaidiwa, naye hatasema. Kila mmoja atoe anachoweza, atume kwenye namba moja ya simu, na grupu litangaziwe jumla tu. Ile desturi ya kubandika orodha, fulani elfu hamsini, fulani elfu mbili, iacheni harusini.

Msipokee pia kutoka kwa wagonjwa wala ndugu zao, wala kwa mzabuni anayeuzia hospitali dawa au vyakula, hata akija na magunia matatu na tabasamu. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 ipo, na mfuko wa kusaidiana usiwape TAKUKURU sababu ya kuwatembelea.

Kuhusu wanaojifanya maskini. Swali hili linawatesa watu wema kuliko wabaya, kwa sababu wema wanataka kutenda haki. Ushauri wangu ni kugawa msaada mafungu mawili, na fungu la kwanza lisihitaji kumchunguza mtu yeyote. Chagueni makundi, siyo watu. Wote wa usafi, walinzi wote, akina mama wa jikoni na wa kufulia, vijana wote wanaojitolea, na waajiriwa wapya ambao hawajapata cheki namba, ile ya kuwaingiza kwenye orodha ya mishahara, na wanasubiri mshahara wa kwanza huku wanadaiwa kodi ya chumba. Kila mmoja katika makundi hayo apate kifurushi sawa, kikabidhiwe na msimamizi wake wakati wa kukabidhiana zamu, bila hotuba wala simu kutolewa mfukoni. Katika kundi atakuwepo mlinzi mwenye ng'ombe wanne na shamba la maharage. Naye apewe. Kile kifurushi chake ndicho kinachomfunika jirani yake ambaye nyumbani hakuna unga.

Kifurushi kiwe cha vitu vinavyoliwa katika nyumba ya Mkristo na ya Mwislamu: mchele, sukari, maharage, chupa ya mawese, kipimo cha dagaa wa ziwani. Tuseme mmepata laki nne, na makundi hayo yana watu 25. Vifurushi vya elfu kumi kumi vitachukua laki mbili na nusu, na laki moja na nusu itabaki kwa fungu la pili.

Fungu la pili ni la nyumba mbili tatu zenye jambo zito: mtoto aliyepewa rufaa kwenda Bugando au Muhimbili, ambapo hata mwenye kadi ya bima anajitegemea nauli na malazi ya msindikizaji, mjane mpya, nyumba iliyobomolewa na mvua hizi za Desemba. Hapa wanahitajika watu watatu tu, na muwachague kwa uangalifu kuliko mnavyochagua mwenyekiti. Mmoja atoke wodini, mmoja atoke miongoni mwa wa usafi au ulinzi, na kati ya watatu hao wawepo Mwislamu na Mkristo. Asiwepo mganga mfawidhi, wala matroni, wala yeyote anayempima mwenzake utendaji kazi, kwa sababu mtu hawezi kufungua shida zake kwa anayempa alama. Mganga mfawidhi atoe ruhusa na mchango wake, inatosha. Asiwepo pia mfanyakazi anayekopesha wenzake kwa riba. Unamjua, kila hospitali inaye.

Majina ya watatu hao yatangazwe, namba zao zibandikwe mlangoni, na iwe wazi kwamba kuwaambia ni kuwaambia wao tu. Hesabu yao isomeke hivi: tumepokea kiasi hiki, vifurushi 25, nyumba tatu zimesaidiwa, kimebaki hiki. Mtu akisimama kudai majina ya nyumba hizo, jibu ni kwamba aliwachagua watatu hao ili wayajue kwa niaba yake. Inawezekana mmoja wa waliopewa amewadanganya. Mimi nimekwisha kuamua upande wangu: afadhali elfu hamsini ipotee kwa mwongo mmoja kuliko kila mwenye shida apitishwe kwenye mahojiano.

Fungu la pili lina mtego wake, nao ni mikopo ya kausha damu, ile ya mtaani yenye riba kubwa. Wauguzi, matabibu, hata watu wa mishahara ambayo jirani anaionea wivu, wamo humo. Wengine wamemkabidhi mkopeshaji kadi ya benki na namba ya siri, na mshahara ukiingia, mkopeshaji ndiye anayetangulia kwenye mashine. Mtu wa namna hiyo ukimpa bahasha ya laki moja, umemlipa mkopeshaji. Msaidieni kwa vitu: unga na mafuta nyumbani, kodi ilipwe moja kwa moja kwa mwenye nyumba, sare zilipwe kwa fundi. Halafu, sikukuu zikipita, mmoja wa watatu akae naye na karatasi za deni. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, anayekopesha kama biashara lazima awe na leseni, na asiyekuwa nayo anatisha zaidi ya uwezo wake. Kama mna SACCOS, yaani chama cha akiba na mikopo, mkopo mmoja wa riba nafuu unaweza kufunga mitatu ya mtaani. Hayo hayatatatuliwa Desemba, ila Desemba ndipo mtu anapokubali kuyasema.

Nimezungumza mno juu ya fedha, na hospitalini kuna kitu adimu kuliko fedha, nacho ni zamu. Mama anayelea watoto peke yake, aliyepangiwa usiku wa tarehe 24 na hana wa kumwachia watoto, umemsaidia zaidi ukimshikia zamu ile kuliko ukimpa kuku. Kijana aliyepangiwa kazi Kasulu akitokea Mbeya au Moshi, asiyeweza kusafiri kwa nauli na kwa siku alizonazo, anahitaji nyumba ya kula pilau siku ile. Anayebaki zamu anahitaji sinia lifike wodini likiwa la moto, nalo lifike na getini kwa mlinzi.

Na hapa ndipo wenzako Waislamu wana haki kabisa. Mkoa wetu ndio wenye Ujiji, mji wa Waislamu tangu zamani, tumeishi pamoja muda mrefu, na mabadilishano ya zamu kati ya dini hizi mbili ni desturi ambayo hospitali nyingi zinaifuata bila kuiandika. Ninyi iandikeni. Waislamu wanaojitolea washike Krismasi, Wakristo washike Idd, na Msabato anayeomba Jumamosi awe tayari kuilipa Jumapili. Kwa Idd mpangaji wa zamu akumbuke mwandamo wa mwezi: aandae siku mbili mfululizo, watu wa akiba wajulikane mapema, ili Mwislamu asije akaambiwa saa tatu usiku kwamba mwezi umeonekana na yeye kesho yuko zamu ya asubuhi. Mwezi wa Ramadhani wenyewe una mahitaji yake. Wa zamu ya jioni anahitaji dakika za kufuturu, na anayejitolea anahitaji futari.

Mfuko uwe mmoja kwa mwaka mzima, na makabidhiano mawili: kabla ya Krismasi na kabla ya Idd el-Fitri. Nasema kabla, nikiwa nimejifunza kwa Waislamu. Zakatul-fitri, ile pishi ya chakula kwa kila mtu wa nyumbani, inapaswa kumfikia maskini kabla ya sala ya Idd, ili naye aamke siku ile akiwa na cha kupika. Vifurushi vyenu vya Krismasi vitoke wiki moja kabla. Kifurushi kinachofika tarehe 24 jioni kinamkuta mama amekwisha kukopa dukani.

Zile fedha za fungu la pili msizimalize Desemba. Mshahara wa Desemba mara nyingi hutoka mapema kwa ajili ya sikukuu, na kutoka hapo hadi wa Januari ni wiki nyingi. Katikati yake shule zinafunguliwa. Ada ya shule za msingi na sekondari za serikali imeondolewa, sasa hadi kidato cha sita, lakini sare haijaondolewa, wala viatu, wala madaftari, na mtoto anayekwenda bweni anapewa karatasi yenye orodha ya godoro, ndoo, shuka na rimu ya karatasi. Wiki hiyo ya kufungua shule ndiyo ninayoiogopa kuliko Krismasi, kwa sababu hakuna anayechangisha na kila mtu amechoka. Tengeni theluthi ya fungu hilo la pili kwa ajili yake. Watatu wenu wapige simu kwa walioandikisha shida, wawaulize mtoto anakwenda darasa la ngapi na anavaa kiatu namba ngapi, na vitu vinunuliwe kwa bei ya jumla kwa wote pamoja.

Mkiona mfuko umeshika na mnataka kuanza kukopeshana, huko ni kwingine: mtahitaji kusajiliwa halmashauri kama kikundi cha kijamii cha huduma ndogo za fedha, pamoja na katiba na viongozi. Kwa mwaka huu msifike huko. Itisha kikao kifupi wiki ya kwanza ya Desemba, chagueni watatu, mpe katibu wa afya ile barua ya kuiuliza kampuni, na umwombe mpangaji wa zamu akuoneshe rosta ya sikukuu kabla hajaibandika.